Kuku wa Jumamosi

Kuku mzima ukimbeba kwapani ana joto la mkate uliotoka jikoni sasa hivi. Hilo sikulijua mpaka nilipofika wilaya ya Rungwe, mkoani Mbeya. Kila Jumamosi asubuhi, kwa miezi mitatu ya mwaka 2014, nilitoka kijijini na kuku mmoja, miguu yake imefungwa kwa kamba ya mgomba, nikashika njia ya mashamba ya chai hadi mjini Tukuyu. Mwendo wa dakika arubaini kama ukungu umeondoka, saa nzima kama bado upo. Kwa baridi ile ya Julai nilikuwa namkumbatia kuliko inavyofaa kumkumbatia kuku. Halafu namkabidhi kwa mzee wa kumchinja.

Wengi wakisikia niliwahi kuwa mwanafunzi wa kubadilishana hunitazama wakingoja nitaje Marekani au Ujerumani. Nikisema Tukuyu, wanacheka. "Si Tanzania hii hii?" Ndiyo, ni hii hii. Na mimi nilitoka Unguja nikidhani hivyo hivyo.

Nilikuwa na miaka kumi na sita, kidato cha tatu. Muungano ulikuwa umetimiza miaka 50 mwezi wa Aprili, na walimu wa skuli yetu wakaelewana na wenzao wa shule moja ya Rungwe: wanafunzi wanne wa kwetu waende kwao, kila mmoja akae nyumbani kwa mwenzake wa darasa lile lile, kisha mwisho wa mwaka wao waje kwetu. Hakukuwa na mfadhili wala fulana zenye nembo. Nauli yangu ilitoka kwenye upatu wa mama. Fomu niliyojaza iliuliza kama nina pumu, navaa kiatu namba ngapi, na simu ya mzazi. Nakula nini, haikuuliza.

Safari sitaisimulia sana. Boti, usiku mmoja kwa shangazi Dar, kisha basi la alfajiri kutoka Ubungo. Hadi Mbeya ni zaidi ya kilomita 800. Ruaha Mbuyuni nilihesabu mibuyu mpaka nikachoka, na baada ya hapo tukaanza kupanda Kitonga nyuma ya malori yanayotambaa. Kuanzia Mafinga hewa ikageuka. Abiria wakatoa makoti kwenye mabegi bila kusema lolote, kama watu waliopeana habari tangu jana. Mimi nilikuwa na buibui na kanga mbili. Tulishuka Uyole giza limeshaingia, tukapanda Kosta ya Tukuyu, na nilipoteremka nikaona pumzi yangu mwenyewe ikitoka kama moshi. Nikafunga mdomo kwa woga.

Saa nne usiku mama wa nyumba ile alitutengea ndizi. Nitamwita Mama tu, maana ndivyo nilivyomwita. Ndizi za kupika, zimechemshwa na nyama mpaka mchuzi umekuwa mzito, zinafuka mvuke kwenye bakuli la bati lenye maua. Nyama ilikuwa ya ng'ombe. Lakini nilipokuwa naingia uani nilipita banda la nguruwe, na huyo ng'ombe sikujua kachinjwa na nani, na sufuria sikujua limepikia nini jana yake.

"Nimeshiba, Mama," nikasema. Mtu aliyekula mara ya mwisho Dar.

Siku nne nilikula parachichi. Ramadhani ya mwaka ule ilianza mwishoni mwa Juni, kwa hiyo mchana nilikuwa na sababu. Usiku sikuwa na sababu yoyote. Nilisema sijisikii vizuri, nikala mkate na chai ya rangi, nikaenda kulala nikisikiliza parachichi zikiangukia bati la paa, pu, pu, kama mtu anarusha mawe. Mtini zilikuwa nyingi kuliko watu wa kuzila. Nilizila kwa chumvi, nikazila kwa sukari, na mpaka leo nikiona parachichi limekatwa likapangwa kwenye sahani ya hoteli nageuza uso.

Usiku wa tano, kwenye saa kumi, nilikuwa jikoni natafuta mkate wa daku. Mama akaingia na kibatari, kajifunga blanketi. Alinitazama muda.

"Wewe mtoto, unafunga mchana na usiku?"

Nikalia. Nikayatoa yote, nguruwe, sufuria, kuchinja. Alichochea moto huku ananisikiliza, akatia kuni mbili, akasema neno ambalo mpaka leo likinijia naona haya: "Sasa mbona hukusema? Kiswahili si chenu?"

Angekuja Mjerumani, wangemkalisha na kumuuliza kila kitu, unakula hiki, hiki hutaki, na yeye angejibu kwa vidole. Mimi maneno yote nilikuwa nayo, na kwa sababu ninayo hakuna aliyeona haja ya kuniuliza. Na kwetu mgeni hapangi chakula cha mwenyeji. Anakula alichopewa au anashiba kwa mdomo. Basi nilishiba kwa mdomo siku nne.

Asubuhi ile Mama hakwenda shamba. Alirudi kutoka sokoni na sufuria jipya, kisu na mwiko, akavifunga uzi mwekundu wa sufu kwenye mipini, akavitundika kwenye msumari wao peke yao. Kisha akawakusanya watu wa nyumbani akatoa tangazo kwa Kinyakyusa, mkono kiunoni. Nilichoambulia ni neno moja tu, "Zanzibar". Kuanzia siku hiyo hata mtoto wa miaka minne akiona uzi mwekundu alikuwa anapita mbali.

Samaki ndiye aliyeniokoa kwanza. "Samaki hachinjwi," Mama alisema, "hilo nalijua mwenyewe." Akaanza kununua usipa na mara chache mbasa, samaki wa Ziwa Nyasa wanaopandishwa kutoka Kyela. Huko huko Kyela, chini kwenye joto, ndiko unakotoka ule mchele unaonukia ambao Dar wanauuza kwa majigambo. Ukiwa Tukuyu uko karibu nao kuliko mtu yeyote wa Dar, lakini chakula cha kila siku ni ndizi, magimbi, viazi na ugali. Wali ni wa Jumapili. Mimi nilipikiwa wali hata Jumatano, na hilo lilileta kesi nitakayoisema.

Kuku ndiye aliyekuwa na mlolongo. Mama aliuliza sokoni nani Mwislamu, akaelekezwa kwa fundi cherehani mmoja karibu na stendi. Nilidhani nitamkuta Mpemba au Msomali. Nikamkuta mzee wa Kinyakyusa, futi ya kupimia shingoni, ananisalimu "Ugonile" kwanza, salamu alaykum baadaye. Kisu chake alikiweka kwenye droo ya cherehani, kimeviringishwa kipande cha kitenge, pamoja na bobini na chaki.

Siku ya kwanza alimlaza kuku nyuma ya kibanda, akanyoosha mkono mbele. "Kibla chetu kile pale," akasema. Nikatazama. Mlima Rungwe, umesimama wote, bila wingu. Karibu mita 3,000, na ukiwa Tukuyu mlima uko upande wa kaskazini. Nikamwambia siku nyingi hauonekani. "Hata usipoonekana haujaenda mahali," akajibu, akapiga bismillahi. Baada ya siku hiyo nilisali kuelekea mlimani. Asubuhi za ukungu nilikisia kwa mti wa parachichi.

Pesa alikataa. Alichotaka ni firigisi. Nami nikakubali haraka haraka, maana kwetu nani anahesabu firigisi? Jioni Baba alikaa mezani, akachokoa bakuli kwa kijiko, akachokoa tena.

"Firigisi iko wapi?"

Kimya. Binti yao akanitazama mimi. Firigisi kwa nyumba ile ilikuwa ya Baba, na hata kuku wa Krismasi awe mmoja kwa watu kumi na watano, hiyo haiguswi. Nilieleza kwa sauti ya chini kwamba firigisi ndiyo malipo ya kuchinja. Baba alifikiri. "Kila Jumamosi?" Kila Jumamosi. Akavuta ugali karibu yake. "Haya. Mbombo ngafu." Yaani kazi ni ngumu. Miezi mitatu Baba hakuonja firigisi nzima nyumbani kwake.

Nikihesabu, ni kuku kumi na wawili. Wakati ule niliwala tu. Baadaye sana, nilipoanza kujitafutia mwenyewe, ndipo nikaelewa kwamba kuku wa Mama walikuwa ndio mfuko wake: chumvi, sabuni, madaftari, mchango wa kanisa la Moraviani. Kundi nililolikuta uani silo nililoliacha.

Sasa ile kesi. Binti yao, niliyelala naye chumba kimoja (jina simtaji, hajaniruhusu na hataniruhusu), hakunipenda, na mimi sikumpenda. Watu hupenda kusikia kwamba tulikuwa ndugu. Tulikuwa wasichana wawili wa miaka kumi na sita kwenye kitanda cha futi nne. Nilikuwa nakoga mara tatu kwa siku, kama kwetu. Mama alinichemshia maji bila kunung'unika, debe asubuhi, debe nikitoka shule, debe kabla ya kulala. Usiku mmoja mwenzangu akasema gizani, bila kugeuka: "Unajua debe moja ni kuni ngapi? Na unajua nani anazibeba?" Sikujibu. Nilikuwa sijui. Kwetu natia ndoo ya maji juani saa sita, basi.

Kesho yake nikaenda naye. Kushuka bondeni, kukusanya matawi, kufunga mzigo, kupandisha kwenye utelezi ule mweusi wa Rungwe unaoshika kandambili na kubaki nayo. Mzigo wangu ulikuwa nusu ya wake na nilianguka mara mbili. Jioni nilinawa uso na miguu. Alinicheka, lakini wali wangu wa Jumatano, ambao nao alikuwa akiulalamikia, aliuacha kuusema.

Shuleni mambo yalikuwa ya vichekesho zaidi. Mwalimu wa Kiswahili alilieleza darasa kwamba mwaka 1928, kwenye mkutano wa Mombasa, Kiunguja ndicho kilichochaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, akaninyooshea mkono kana kwamba nilihudhuria. Wiki hiyo hiyo niliomba ruhusa kwenda kuteka maji. Darasa zima likapasuka. "Ukishayateka utadai fidia ngapi?" Kwao maji yanachotwa. Wanaotekwa ni watu na mabasi. Tungule hawakuijua mpaka nilipoonyesha nyanya. Mbatata, yaani viazi, ikawa jina langu, na wapo wanaoniita hivyo hadi leo kwenye simu. Mtihani wa mwezi wa Kiswahili nilipata 61, na wa kwanza akawa kijana wa Kiwira ambaye nyumbani haongei Kiswahili kabisa. Alinifariji, tena kwa sarufi safi iliyoniudhi zaidi.

Shule ilitupeleka Daraja la Mungu, tukapiga picha. Nane Nane tulikwenda viwanja vya John Mwakangale, Mbeya mjini, nikaona ng'ombe wa maziwa mkubwa kuliko gari la baba yangu mdogo. Hayo ndiyo yaliyomo kwenye ripoti niliyoandikia skuli. Jambo la babu sikuliandika.

Babu, baba yake Baba, alikaa nyumba ya udongo upande wa pili wa migomba. Wiki ya pili nilikuwa natembea na Mama, kila mmoja na ndoo kichwani, mara Mama akatua ndoo njiani na kujitosa kwenye migomba. Nikajua nyoka. Nikatupa ndoo yangu, nikakimbia huku, nikarudi, nikapiga kelele. Kwenye kona akatokea babu na mkongojo wake, taratibu, akanikuta nimelowa kiunoni na ndoo inabingirika. Akasema jambo kwa Kinyakyusa, akapita. Mama akatoka majanini akijifuta kitenge, hawezi hata kusema kwa kicheko.

Mila ya Kinyakyusa ni kwamba mke haonani na baba mkwe wake. Hamtazami, hakai naye, jina lake halitamki. Vijana wengi wa mjini wameiacha, lakini Mama alikuwa na miaka ishirini kwenye ndoa na hajawahi kukaa chumba kimoja na mzee huyo. Alimpikia kila siku. Chakula kilipelekwa na watoto, na wale wadogo humwaga nusu njiani, na binti yao ratiba yake ilikuwa imejaa. Mimi sikuwa mke wa mtu pale. Basi nikawa mbebaji. Saa kumi na mbili asubuhi birika la chai na magimbi ya kuchoma, jioni sahani iliyofunikwa.

Babu hakujua Kiswahili zaidi ya maneno ya sokoni, na mimi Kinyakyusa nilijua mawili. Nikifika napiga goti, "Ugonile", ananyoosha mkono wenye mishipa kama mizizi, "Ndaga fijo", asante sana. Wakati mwingine alinionyesha nikae. Tunakaa. Moshi wa kuni unatoka kwenye majani ya paa, mvua nyepesi ya Tukuyu inanyesha hata mwezi ambao wengine wanauita kiangazi, na hakuna anayeona haja ya kusema lolote. Kwa mtoto aliyefika pale na maneno yote ya Kiswahili akashinda na njaa siku nne, hiyo ilikuwa raha yangu kubwa ya siku.

Siku moja aliacha magimbi mawili kwenye sahani na kuyafunika tena vizuri. Nilimrudishia Mama, nikamwambia hakumaliza. Mama akayatazama. "Hayo ameniwekea mimi," akasema, akala amesimama. Sijui walianza lini.

Agosti, Bunge Maalumu la Katiba lilirudi Dodoma, na Baba akawa hatoki mbele ya televisheni. Wale waliotoka na UKAWA, umoja wa wapinzani, hawakurudi, waliobaki wanagombana. Rasimu ya katiba ya Tume ya Warioba ilitaka serikali tatu, ya Tanganyika, ya Zanzibar na ya Muungano, chama tawala kinataka mbili kama zilivyo. Kila Zanzibar ilipotajwa, vichwa vyote sebuleni vilinigeukia. Jirani akija kutazama, anauliza hata kabla ya kukaa: "Nyinyi mnataka serikali ngapi?" Nyinyi! Mimi ambaye nyumbani kwetu siulizwi hata tupike nini. Siku moja, saa mbili usiku, vidole vya miguu vimekufa ganzi, Baba akaniuliza tena kwa upole kabisa, anataka kujua kweli. Nikamjibu: "Baba, mimi nataka sweta ya pili."

Jumamosi iliyofuata nilimkuta amenitangulia kwa fundi, ameketi kwenye benchi na sweta ya mtumba mkononi, kijani, ina dubu kifuani, anapunguzisha mikono. Walikuwa wanazungumza kama watu waliojuana zamani. Fundi alimchinja kuku, akamtoa firigisi, akaikata katikati kwa mkasi wa kitambaa, akamfungia Baba nusu kwenye gazeti. Sikuambiwa walielewana nini. Wiki iliyofuata firigisi ilikwenda nzima kwa fundi kama kawaida.

Niliondoka siku za mwanzo za Oktoba, Bunge limeshapitisha Katiba Inayopendekezwa, ile ambayo mpaka leo haijapigiwa kura. Mama alinifungia mkungu wa ndizi, parachichi ambazo sikuweza kuzikataa, na lile sufuria la uzi mwekundu. Sufuria nikaliacha nyuma ya mlango makusudi. Desemba binti yao akaja Unguja, akalala sakafuni kwa joto wiki nzima, urojo akautema, akamwambia mama yangu kwamba bahari inanuka. Mama yangu alimpenda mara moja. Hilo nalo bado sijamsamehe.

Jumamosi moja ya mwaka jana nilimpigia Mama simu, nikasikia anahema, na nyuma ya sauti yake kuku analalamika. Nikamuuliza yuko wapi. Njiani, anakwenda mjini. Yule fundi mzee alikwisha kufa, sasa ni mwanawe, cherehani ile ile. Nikauliza wamepata mgeni gani Mwislamu.

"Hatuna mgeni."

"Sasa kuku unampeleka kuchinjwa wa nini?"

Akanyamaza kidogo, nikasikia miguu yake kwenye kokoto. "Leo si Jumamosi?" akasema. "Hebu subiri, anataka kunitoka."